Kichocho cha Wanawake na Jinsi Kinavyotambuliwa

Maneno ya hotuba iliyotolewa na Mfasiri wa Serikali mbele ya baraza la wake kwa waume katika kijiji kimoja cha pwani.

Najua wako waliostaajabu waliposikia kwamba mwanamume atasimama hapa kusema juu ya maradhi ya uzazi ya wanawake, tena mbele ya watu walio sawa na wakwe zake. Naomba radhi mapema. Mimi si daktari. Kazi yangu ni kufasiri: daktari asema Kiingereza, mimi nageuza kwa Kiswahili, na mgonjwa ajibu, nami narudisha. Lakini mtu akaaye katikati ya wawili husikia mengi, na siku moja neno moja nililolifasiri vibaya lilimpoteza mgonjwa. Kisa hicho ndicho kilichonileta hapa.

Alikuja hospitalini mwanamke kijana, ameolewa mwaka wa tatu, hajapata mtoto. Aliongozana na mavyaa wake, yaani mama wa mumewe. Alikuwa na maumivu chini ya kitovu, na kila alipokutana na mumewe hutokwa na damu kidogo. Daktari alikuwa mgeni nchini, mtu mwema, lakini siku ile watu walikuwa wengi. Akaniambia nimwulize kama yeye au mumewe wamepata kuwa na wenzi wengine. Swali hilo huulizwa kila mtu mwenye dalili hizo, wala halina tuhuma ndani yake. Mimi nikaligeuza hivi: "Je, una wanaume wengine?" Mavyaa akamtazama mkwewe. Yule kijana akainama, hakujibu lolote. Wakaondoka na karatasi ya dawa za magonjwa ya zinaa, na hawakurudi siku waliyoambiwa warudi.

Alirudi baada ya miezi minane, safari hii pamoja na mama yake mzazi, maana alikwisha kurudishwa kwao. Dawa za kwanza alizimeza zote na hazikumsaidia kitu. Muuguzi aliyempokea alikuwa mwenyeji wa huku pwani. Kabla ya kumwuliza habari za mume, alimwuliza hivi: "Mwanangu, ulipokuwa mdogo mlikuwa mkichota maji wapi?" Akajibu kwamba walichota bwawani, na humo humo walifua na kuoga. "Na ulipata kukojoa damu?" Akasema ndiyo, yeye na watoto wote wa mtaa wao, na hakuna aliyeona ajabu. Basi daktari alipomtazama kwa taa na kioo cha kukuza aliona madoa ya rangi ya njano kama chembe za mchanga kwenye mlango wa kizazi. Ugonjwa wake ulikuwa kichocho. Aliupata majini akiwa mtoto, kabla hajajua mume ni nini.

Sasa nieleze jinsi jambo hili linavyowezekana, maana wengi tunadhani kichocho ni ugonjwa wa kibofu tu, tena wa wavulana.

Kichocho huletwa na mnyoo mwembamba ukaao ndani ya mishipa ya damu. Daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, ndiye aliyeuona mwaka 1851 huko Cairo katika nchi ya Misri, na kwa jina lake Wazungu wakauita ugonjwa huu bilhazia. Mtu mwenye mnyoo akikojoa majini, mayai huanguliwa, na vijidudu vitokavyo humtafuta konokono mdogo wa maji matulivu. Habari ya konokono ilithibitishwa na Mwingereza Robert Leiper mwaka 1915, vile vile huko Misri. Ndani ya konokono vijidudu hivyo huzaana, kisha hutoka kwa maelfu, na mtu aingiapo majini kuoga, kufua au kuchota, hupenya ngozi yake bila ya kidonda. Baada ya majuma kadhaa minyoo huwa imekomaa, dume na jike wameshikamana, nao hukaa katika mishipa ya sehemu za chini ya tumbo. Mnyoo mmoja huishi miaka mitatu hadi mitano, na mara nyingine zaidi sana.

Mnyoo wenyewe hauumi. Taabu iko kwenye mayai. Kila yai lina urefu wa zaidi kidogo ya sehemu ya kumi ya milimita moja, na mwisho wake una mwiba. Mayai mengine hupenya kibofu na kutoka na mkojo, na ndiyo sababu ya damu. Mengine hupotea njia. Mishipa ya kibofu na mishipa ya kizazi imeungana kama mifereji ya shamba moja, kwa hiyo mayai huingia katika mlango wa kizazi, katika uke, katika mirija ya mayai ya mwanamke, na humo hunaswa. Mwili huyazingira kwa uvimbe mdogo mdogo, nyama hukakamaa, na mishipa mipya dhaifu huota na kuvuja damu kwa kuguswa tu. Hivyo huja maumivu, kuwashwa, damu baada ya tendo la ndoa, mimba kuharibika au kutunga nje ya kizazi, na ugumba. Daktari aitwaye Madden aliandika habari za kichocho cha uke kutoka Cairo mwaka 1899, kwa hiyo ugonjwa huu si mpya hata kidogo. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu kidogo cha picha cha kuwafundisha wauguzi na madaktari kuutambua mwaka 2015 tu. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba wanawake na wasichana wapatao milioni 56 wanao, karibu wote katika Afrika. Hesabu hiyo ni ya kukisia, maana ni nani aliyewapima?

Katika Kenya kichocho cha mkojo kiko hasa huku pwani: Kwale, Kilifi, Tana River, na Taita Taveta. Kando ya Ziwa Victoria mnyoo ulio mwingi ni wa namna nyingine, ambao hupendelea matumbo, ingawa ndani ya bara la Nyanza uko na huu wetu wa mkojo.

Nije sasa kwenye jambo lililo gumu, nalo ni kuutambua. Mwanamke mwenye kichocho cha kizazi huja dispensari na malalamiko yale yale ya mwenye ugonjwa wa zinaa. Dispensari nyingi hazina hadubini wala mtu wa kuitumia, na mwongozo waliopewa waasema: akija mwenye dalili hizi, mpe dawa hizi. Mwongozo huo ulitungwa kwa nia njema, na umewaponya wengi. Lakini haumwulizi mtu habari za maji. Tena lugha yetu yenyewe inasaidia kuficha. Majimaji yatokayo ukeni tunayaita "uchafu", na mwanamke asemaye "natokwa na uchafu" amekwisha kujihukumu kabla ya kupimwa. Mahali penyewe tunapaita "sehemu za siri", na kitu cha siri hakitazamwi. Mimi siku hizi nafasiri "majimaji" na "njia ya uzazi", na nimeona kwamba watu hujibu upesi zaidi. Hata kichocho na kisonono husikika kama ndugu katika sikio la mgeni, na wote wawili humwumiza mtu akikojoa. Nimeona moja likiandikwa mahali pa lingine.

Ni kweli kwamba kuna kijidudu kingine cha njia ya uzazi ambacho hupatikana kwa tendo la ndoa. Chaitwa trikomonasi. Mfaransa Alfred Donné alikiona kwa hadubini mjini Paris mwaka 1836, nacho ni kidogo mno, chenye mikia ya kuogelea. Si haba: Shirika la Afya Duniani lilikadiria maambukizo mapya milioni 156 duniani katika mwaka 2020 peke yake. Huleta majimaji ya rangi ya njano au kijani yenye harufu, na kuwashwa. Kukitambua, muuguzi hupangusa ukeni kwa pamba, huweka tone juu ya kioo, na kutazama mara moja, maana kijidudu hujulikana kwa kucheza kwake. Tone likikaa likapoa, hakichezi tena, na mtazamaji husema hakuna kitu. Hata katika mikono mizuri njia hii hukosa wagonjwa wengi, wengine wasema karibu nusu, ndiyo maana hospitali kubwa hutumia vipimo vipya vya kutafuta chembe za urithi za kijidudu hicho. Dawa yake ni metronidazoli, na mume hana budi kutibiwa siku zile zile, hata kama hasikii lolote, kwa kuwa wanaume wengi hukibeba bila dalili. Asipotibiwa atamrudishia mkewe, na mkewe atasema dawa ni mbovu.

Mwaona basi. Wanawake wawili wameketi katika benchi moja na malalamiko yanayofanana. Mmoja ana kijidudu kilichokuja kwa tendo la ndoa, mwingine ana mayai ya mnyoo uliokuja kwa maji. Dawa ya huyu haimfai yule hata chembe. Tena mwingine aweza kuwa na yote mawili, wala hakuna lililomzuia lingine.

Kichocho hutafutwaje? Kwanza kwa swali la maji, ambalo halina gharama. Pili kwa mkojo. Mkojo wa kichocho hupimwa vizuri ukichukuliwa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwa sababu mayai hutoka kwa wingi wakati huo, na yafaa mtu atembee kidogo kabla ya kukojoa. Mililita 10, yaani kiasi cha vijiko viwili vya chai, hupitishwa katika chujio laini, na chujio hutazamwa kwa hadubini. Kuna pia kijiti cha kuchovya kinachogeuka rangi kikikuta damu isiyoonekana kwa macho. Lakini mwanamke aliye katika siku zake asipimwe kwa kijiti, maana damu hiyo itadanganya.

Sikilizeni hapa kwa makini. Mkojo ukiwa na mayai, mtu ana kichocho. Mkojo usipokuwa na mayai, hatuwezi kusema kwamba kizazi ni salama. Mwanamke mzima aliyeacha kuingia bwawani miaka kumi iliyopita aweza kuwa na mkojo safi, na huku mayai ya zamani yamenaswa katika mlango wa kizazi. Wako waliorudishwa nyumbani kwa karatasi iliyoandikwa "hakuna" na ugonjwa ungali ndani yao.

Kwa hiyo njia ya tatu ni kutazama. Muuguzi au daktari aliyefundishwa hufungua njia ya uzazi kwa chombo, na kuangaza kwa taa na kioo cha kukuza kiitwacho kolposkopu. Hutafuta madoa yenye chembe kama mchanga, madoa ya njano yasiyo na chembe, mishipa ya damu iliyojikunja pasipo desturi, na vivimbe vigumu kama mpira. Kipimo hiki si cha msichana ambaye hajaolewa. Kwa huyo, mkojo na habari ya maji vyatosha kumpa dawa. Zamani madaktari walikata kipande kidogo cha nyama na kukitazama, na hata sasa hufanyika penye shaka ya saratani, lakini si jambo la kufanya kwa kila mtu, maana huacha kidonda. Siku hizi kuna pia pamba ya kupangusia ambayo mwanamke aweza kujipangusa mwenyewe faraghani, kisha hupelekwa maabara kutafutwa chembe za urithi za mnyoo. Huko Zambia watafiti waliwapa wanawake pamba hizo majumbani mwao, na wengi walikubali. Nalipenda jambo hilo, kwa kuwa pamba haina haja ya mfasiri.

Nimetaja saratani, na sitaki kuipita. Damu baada ya tendo la ndoa yaweza kuwa dalili ya saratani ya mlango wa kizazi. Mwanamke asiseme, "Nilioga bwawani, basi hiki ni kichocho," akaketi nyumbani. Yampasa apimwe yote mawili. Na muuguzi apimaye saratani kwa kupaka siki nyepesi ajue kwamba madoa ya kichocho yaweza kumchanganya.

Kuna na habari ya Ukimwi. Mwaka 2006 watafiti waliofanya kazi katika kijiji cha Zimbabwe walitoa habari kwamba wanawake wenye madoa ya kichocho walionekana kuwa na virusi vya Ukimwi mara tatu hivi kuliko wenzao. Utafiti uliofanywa mahali pengine baadaye haukukubaliana wote na hesabu hiyo. Lakini kwamba ngozi inayovuja damu ni mlango ulio wazi, hilo halihitaji shule kubwa kulielewa.

Dawa ya kichocho ni prazikwanteli. Kipimo ni miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 60 humeza vidonge vinne vya miligramu 600 kwa mara moja, baada ya kula, maana tumbo tupu huleta kichefuchefu. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba penye kichocho kingi watu wazima nao wapewe, si watoto wa shule tu, pamoja na mama anyonyeshaye na mwenye mimba aliyepita miezi mitatu ya kwanza. Dawa huua minyoo iliyokomaa. Minyoo michanga huiponyoka, kwa hiyo mara nyingine hurudiwa. Na mayai yaliyokwisha kunaswa haiyatoi. Kwa mwanamke mzima madoa huweza kubaki hata baada ya minyoo kufa, na sitawadanganya kwamba kila aliyemeza dawa alipata mtoto. Huko huko Zimbabwe ilionekana kwamba waliotibiwa wakiwa wadogo hawakuwa na madoa mengi kama waliochelewa. Binti wa miaka kumi anayekojoa damu leo ndiye wa kupelekwa leo.

Wazazi wengi waniambia, "Watoto wetu wamekwisha kumeza dawa ya minyoo shuleni." Vizuri, lakini ulizeni ni dawa ipi. Ile ya minyoo ya tumbo, albendazoli, haiui kichocho. Na binti aliyekaa nyumbani kulea wadogo zake, akiwa ndiye anayefua bwawani kila siku, hapewi ile wala hii.

Kabla sijapanda hapa mzee mmoja alinivuta kando akaniuliza: "Bwana mfasiri, je, mke wangu aweza kuniambukiza kichocho, au mimi kumwambukiza?" Ni swali la maana na nalijibu mbele ya wote. La, mzee wangu. Kichocho hakipiti kutoka mwili hadi mwili, wala kwa kulala pamoja, wala kwa kutumia choo kimoja. Kila mmoja hukipata mwenyewe majini. Mkeo akionekana nacho, usimwulize alikuwa na nani. Na wewe mwenyewe upimwe, kwa sababu wanaume pia huathirika viungo vya uzazi, na mbegu huweza kutoka na damu.

Mtaniuliza yule kijana alikuwaje. Alipewa dawa, na baada ya miezi sita ikarudiwa. Damu ilikoma na maumivu yakapungua. Muuguzi alimwandikia mumewe barua kumwomba aje hospitalini. Mimi ndimi niliyeombwa kuiandika kwa Kiswahili safi, na niliiandika mara nne kabla ya kuridhika nayo. Mume alikuja pamoja na babake. Tulikaa saa nzima, nikamweleza mzee habari ya konokono tangu mwanzo hadi mwisho, naye akaniuliza kama bwawa ni lile la upande wa minazi, kwa maana yeye pia alikulia hapo. Mavyaa hakuja. Yule kijana amerudi kwa mumewe, mtoto bado. Nilimwomba radhi kwa lile swali langu. Akasema hakulikumbuka. Sidhani kwamba alisema kweli.

Muuguzi wa dispensari yuko hapa, amekaa karibu na mlango, na ana vyupa vya mkojo. Vyupa hivyo havina malipo. Kesho watu waje kuanzia saa 4, na mama wanaotaka kusema naye faraghani waende chumba cha nyuma. Mimi sitakuwamo.